Mwalimu wa Nyumbani katika Maisha na Maandishi ya Wanawake: Namna ya Kumfundisha katika Madarasa ya Kasulu na Kibondo

Utangulizi

Katika kazi nyingi za fasihi zilizoandikwa na wanawake wa Ulaya, hasa katika karne ya 19, hutokea mhusika wa namna moja: msichana mwenye elimu lakini asiye na mali, aliyeajiriwa kukaa katika nyumba ya tajiri ili awafundishe watoto wa nyumba hiyo kusoma, kuandika, kuchora, kushona na adabu. Mhusika huyo ni mgeni kwa mwanachuo wa Kasulu au Kibondo. Katika vijiji vya nyanda hizi za juu za Kigoma mtoto hufundishwa kusoma shuleni, na mambo ya nyumbani hufundishwa na mama, bibi na shangazi. Si desturi kumlipa mtu alale katika nyumba ya mwenzake kwa ajili ya kufundisha. Kwa sababu hiyo mwanachuo huweza kukisoma kitabu mpaka mwisho, na hata kujibu maswali ya mtihani, bila kumwona hasa mtu anayesimuliwa.

Madhumuni ya makala haya ni kuwaeleza walimu wenzetu mhusika huyo ni nani, kwa nini wanawake walioandika walimrudia mara nyingi, ni nani anayefanana naye katika historia ya Afrika Mashariki, na kwa njia gani anaweza kufundishwa katika madarasa yetu. Mwishoni tutatoa mpango wa vipindi vinne ambao tumeujaribu wenyewe. Dai letu ni moja tu. Mwalimu wa nyumbani haeleweki kwa habari zake peke yake. Hueleweka pale tunapouliza pia habari za yule aliyekuwamo katika nyumba ile ile, akasikia masomo yote, lakini hakuna aliyemfundisha.

Swali la darasani

Dai hilo hatukulipata vitabuni. Mwaka mmoja tulikuwa tukifundisha riwaya ya Jane Eyre kwa kutumia muhtasari wa Kiswahili tuliouandika wenyewe. Tulikuwa tumeeleza kwamba Jane anakwenda kukaa katika jumba la Thornfield ili amfundishe mtoto mmoja wa kike, kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwaka. Mwanachuo mmoja wa kiume akanyosha mkono, akauliza, “Mwalimu, huyo si yaya tu?” Darasa zima likacheka.

Tulitaka kumjibu kwamba yaya hulea na mwalimu hufundisha. Kabla hatujasema neno, mwanachuo wa kike aliyeketi nyuma alisimama, akasema kwa sauti ndogo:

“Samahani, mwalimu. Mimi nilikuwa yaya. Nilitoka kwetu Kibondo baada ya darasa la saba, nikakaa mjini miaka miwili. Mtoto mkubwa wa nyumba ile alikuwa kidato cha kwanza. Jioni mama yake alitaka nishike daftari nimsikilize akikariri. Nikajikuta nayajua yale maneno kabla yake. Akikosea, mimi ndiye niliyemsahihisha. Nilipovunja sahani nilikatwa mshahara. Nilipomsahihisha mtoto hakuna aliyeniongeza. Baadaye nilirudi nyumbani nikajiandikisha kufanya Mtihani wa Maarifa. Sasa sijui nilikuwa yaya au nilikuwa mwalimu.”

Hapana aliyecheka tena. Yule kijana aliyeuliza swali aliinamisha kichwa, naye hakuwa na kosa, kwa maana swali lake lilikuwa swali la kweli. Sisi wenyewe tuliona kuwa maelezo yetu yalianza mbali mno, huku mtu aliyeweza kutufungulia kitabu akiwa ameketi darasani tangu siku ya kwanza. Tangu hapo tumebadili mpango wetu wa kulifundisha somo hili.

Maneno tuliyo nayo

Inafaa kwanza tuyapange maneno. Lugha yetu haina neno moja linalokamata kazi yote ya mwalimu huyo wa Ulaya, lakini ina maneno kadhaa ambayo kila moja lina sehemu yake. Yaya hulea mtoto wa mwingine kwa ujira na hulala katika nyumba ya mwajiri. Somo au kungwi, katika mila za pwani, humfundisha mwari mambo ya utu uzima. Mwalimu wa chuoni hufundisha Kurani, na watoto humwendea. Katika miji ya siku hizi yuko pia mwalimu wa twisheni, ambaye huwafuata watoto nyumbani kwao, akapewa fedha yake akaondoka.

Mwalimu wa nyumbani wa Ulaya alikuwa na kitu kimoja kutoka kwa kila mmoja wa hao. Kama yaya, alilala katika nyumba isiyo yake. Kama kungwi, alikabidhiwa msichana ili amtengeneze kuwa mwanamke wa kukubalika na watu. Kama mwalimu wa twisheni, alilipwa kwa ajili ya masomo. Tofauti yake kubwa ilikuwa katika cheo. Kwa elimu na malezi alikuwa sawa na wenye nyumba. Kwa mshahara alikuwa sawa na watumishi. Wenye nyumba hawakumkaribisha mezani kwa moyo, na watumishi wa jikoni hawakumhesabu kuwa mwenzao. Alikuwa katikati, na jambo hilo la kuwa katikati ndilo ambalo mwanachuo hana budi kulishika kabla ya jambo lingine lolote.

Wanawake walioishi kazi hiyo

Waandishi tunaowataja hapa hawakumbuni mhusika huyu kwa kuwazia tu. Katika Uingereza ya zama hizo, binti wa mchungaji au wa mfanyabiashara aliyefilisika alikuwa na njia chache sana za kupata riziki bila kushusha heshima ya ukoo wake, na kufundisha katika nyumba za watu ilikuwa mojawapo. Wanawake wengi waliokuja kuwa waandishi walipita hapo.

Mary Wollstonecraft, aliyezaliwa 1759, alikwenda Ayalandi mwaka 1786 kuwafundisha mabinti wa ukoo wa Kingsborough, na mwaka uliofuata akaachishwa kazi. Mwaka 1787 alichapisha kitabu juu ya elimu ya mabinti, na mwaka 1788 akachapisha hadithi ambazo ndani yake mwanamke aitwaye Mrs Mason anawafundisha wasichana wawili kwa kuwaonyesha maisha ya watu wanaowazunguka. Kitabu chake kikuu cha kutetea haki za wanawake kilitoka 1792. Hoja yake kubwa humo ni kwamba msichana anayefundishwa kupendeza tu, bila kufundishwa kufikiri, amenyimwa haki yake. Hoja hiyo iliandikwa na mtu aliyewahi kuajiriwa kuwalea wasichana wa nyumba kubwa.

Baada yake wakaja ndugu wa ukoo wa Brontë. Charlotte Brontë alifanya kazi hiyo mwaka 1839 kwa miezi michache, na tena 1841 katika nyumba moja ya Rawdon. Mshahara wake huko ulitajwa kuwa paundi 20 kwa mwaka, lakini paundi 4 zilikatwa kwa ajili ya kufuliwa nguo. Katika barua zake alilalamika pia kwamba alirundikiwa mishono juu ya kazi ya kufundisha. Mdogo wake, Anne, alifundisha katika nyumba ya kwanza mwaka 1839, kisha katika nyumba ya pili iitwayo Thorp Green kuanzia 1840 hadi 1845. Mwaka 1844 akina dada hao walijaribu kufungua shule yao wenyewe nyumbani kwao Haworth, wasipate hata mwanafunzi mmoja. Miaka mitatu baadaye, yaani 1847, Charlotte akatoa Jane Eyre na Anne akatoa Agnes Grey. Vitabu vyote viwili vilitoka kwa majina ya kubuni, na katika vyote msimulizi ni mwalimu wa nyumbani.

Kwa nini mhusika huyu aliwafaa hivyo? Tunaona sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba kazi hiyo humtoa msichana kwao na kumpeleka mahali asipojulikana, na hadithi nyingi huanza kwa safari ya namna hiyo. Ya pili ni kwamba mtu aliye katikati huona pande zote mbili. Husikia mazungumzo ya sebuleni na manung'uniko ya jikoni. Ya tatu, nayo ni kubwa kuliko zote, ni kwamba watu wa nyumba huzungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Katika Jane Eyre iko jioni moja ambapo wageni wakubwa wamejaa sebuleni, na Jane ameketi dirishani, nusu amefichwa na pazia. Wageni wanaanza kuwacheka na kuwatukana walimu wa nyumbani, hali wanajua kwamba mmoja wao anasikia. Jane hasemi neno. Lakini msomaji anakumbuka kwamba kitabu chote kinasimuliwa na huyo huyo aliyeketi nyuma ya pazia. Yeye ndiye atakayeandika, na wageni wale watajulikana kwa kalamu yake.

Binti wa Bet il Mtoni

Mwanachuo asidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Katika Afrika Mashariki tunao mfano wa mwanamke aliyefundishwa na mwalimu wa nyumbani, akaja kufundisha kwa malipo katika nchi ya ugeni, na akaandika kitabu. Huyo ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Bet il Mtoni, akiwa binti wa Sultani Said bin Sultan.

Watoto wa jumba hilo walisoma pamoja, wavulana na wasichana, mbele ya mwalimu mwanamke aliyeletwa kutoka Omani, naye alikuwa mkali. Walisoma Kurani kwa kukariri. Wavulana walifundishwa pia kuandika. Wasichana waliishia kusoma. Salme hakuridhika. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao watoto wa chuoni waliutumia mahali pa kibao, akainakili kwa siri herufi za Kiarabu kutoka katika msahafu, mpaka akajua kuandika. Ilipojulikana alilaumiwa, lakini elimu ilikuwa imekwisha kuingia. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipokula njama dhidi ya Sultani Majid, Salme alikuwa na umri wa miaka 15 tu, naye ndiye aliyetumiwa kuandika barua za kundi la Barghash, kwa kuwa alijua kuandika.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja, na mwaka uliofuata akabatizwa huko Aden kwa jina la Emily na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Mume huyo alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo. Katika miaka ya shida iliyofuata, binti wa Sultani alitoa masomo ya Kiarabu kwa malipo ili kuwalea wanawe. Mtoto aliyewahi kuketi mkekani mbele ya mwalimu aliyeajiriwa na baba yake, sasa aliajiriwa yeye. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na humo ameeleza kwa urefu masomo ya utoto wake. Alifariki mwaka 1924 huko Jena.

Tukimlinganisha Salme na mwanachuo wetu wa Kibondo tunaona jambo la kushangaza. Mmoja alikuwa binti wa mfalme na mwingine mtumishi wa nyumbani, lakini wote wawili waliipata elimu ambayo haikukusudiwa kuwa yao, kwa kuwa karibu na wale waliokusudiwa. Mmoja alitumia mfupa na mwingine alitumia daftari la mtoto wa mwajiri.

Hata hivyo hatuna budi kusoma kitabu cha Salme kwa macho mawili. Katika nyumba ya baba yake walikuwamo watumwa wengi, na katika kitabu chake aliutetea utumwa wa Mashariki. Utajiri wa Unguja wa siku zile ulitokana na karafuu, pembe za ndovu na watu, na mojawapo ya njia kuu za misafara ilifika Ujiji, chini ya milima yetu, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Watu waliotekwa katika nchi za bara walishushwa pwani kwa njia kama hiyo. Salme aliyeona vizuri kwamba msichana alinyimwa kalamu hakuona vizuri vivyo hivyo kwamba mtumwa alinyimwa kila kitu. Kasoro ya namna hiyo imo hata katika vitabu vya Uingereza. Katika riwaya ya Emma ya Jane Austen, iliyotoka mwishoni mwa 1815, msichana mmoja anayekaribia kuingia katika kazi hiyo anailinganisha na biashara ya watumwa. Mwanachuo aliyekulia karibu na Ujiji ana haki ya kuuliza kama ulinganisho huo ni wa haki. Kadhalika katika Jane Eyre, mke wa bwana mwenye nyumba, aliyeletwa na mali yake kutoka Jamaika, amefungiwa ghorofani, naye hapewi nafasi ya kusimulia habari zake mwenyewe.

Iko pia njia nyingine ya kufundisha nyumbani, isiyo na mshahara wala mwajiri. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alitunga utendi wake kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Mama anamwita binti aje na wino na karatasi, kisha anamfundisha. Humo mwalimu na mwandishi ni mtu mmoja, na mwanafunzi ni mtoto wake. Mwalimu atakayetaka kulinganisha atapata hapa kipimo kizuri: ni mambo gani mama humfundisha mwanawe ambayo mwalimu wa kuajiriwa hawezi kuyafundisha, na ni yapi ambayo mwalimu wa kuajiriwa huyaona na mama hayaoni?

Maswali matatu ya kusomea

Kutokana na mifano hii tumetunga maswali matatu mepesi, ambayo mwanachuo anaweza kuyatumia kwa kitabu chochote cha namna hii.

(a) Anakaa wapi? Mwanachuo atafute mahali mwalimu huyo analala, anapokula, na anapoketi wageni wakija. Cheo chake kitaonekana hapo waziwazi kuliko katika maneno ya sifa.

(b) Analipwa nini, na anakatwa nini? Paundi 30 za Jane Eyre, paundi 4 za kufua nguo za Charlotte Brontë, na sahani ya mwanachuo wetu zote ni habari za aina moja. Mwandishi anayetaja mshahara ametuamini kwa siri kubwa.

(c) Ni nani mwingine anayesikia somo? Katika Thornfield yumo Sophie, yaya Mfaransa wa mtoto Adèle. Katika Bet il Mtoni wamo watumwa. Katika nyumba za miji yetu yumo msichana aliyetoka kijijini. Swali hili ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo ndilo lenye faida kubwa kwa mwalimu wa kesho.

Mpango wa vipindi vinne

Kipindi cha kwanza: Nyumba. Kila mwanachuo achore ramani ya nyumba anayoifahamu, aonyeshe nani analala wapi, nani hula na nani, na nani huanza kumsalimu mwenzake. Wanachuo wa Kiha watakuwa na mengi ya kusema juu ya salamu, kwa maana salamu ya heshima, pamoja na kupiga makofi taratibu, humweleza mgeni mara moja cheo cha kila mtu. Mwalimu asitaje kitabu chochote katika kipindi hiki. Ubaoni ayaandike maneno yaya, kungwi, mwalimu wa chuoni na mwalimu wa twisheni, wanachuo waeleze tofauti zake.

Kipindi cha pili: Pazia. Mwalimu awasomee muhtasari wa jioni ile ya wageni katika Jane Eyre, kisha wanachuo waigize. Zana inayohitajiwa ni khanga moja ya kutundika kuwa pazia. Mwenye sehemu ya Jane asiseme lolote mpaka igizo liishe. Kisha aulizwe alisikia nini na atakiandika vipi. Tumeona mara kwa mara kwamba aliyenyamaza ndiye hukumbuka maneno mengi kuliko wote.

Kipindi cha tatu: Mfupa wa ngamia. Wanachuo wasimuliwe habari za Salme. Halafu kila mmoja apewe kipande cha ubao na mkaa, pamoja na mstari mmoja wa maandishi asiyoyajua. Kwa wasiojua Kiarabu, herufi za Kiarabu zinafaa sana. Wanakili kwa dakika 20 bila msaada wowote. Kwa njia hii watajua kwa mikono yao jinsi kujifundisha peke yako kunavyochosha, nao watamheshimu zaidi mtoto wa darasa la kwanza atakapoletwa mbele yao.

Kipindi cha nne: Aliyenyamaza. Kila mwanachuo aandike ukurasa mmoja, akisimulia somo la nyumbani kwa kinywa cha yule asiyefundishwa. Anaweza kuwa Sophie, anaweza kuwa mtumwa wa Bet il Mtoni, anaweza kuwa yaya wa leo. Karatasi hizi zisisomwe mbele ya darasa ila kwa ridhaa ya aliyeandika.

Mambo ya kuangaliwa

Kwanza, mwalimu asimlazimishe mwanachuo yeyote kueleza kwamba amewahi kuwa mtumishi wa nyumbani. Mwanachuo wetu alisimama kwa hiari yake. Angetajwa na mwalimu, ingekuwa aibu, na somo lingekufa.

Pili, mwalimu asiwape wanachuo fikra kwamba heshima na elimu ya mwanamke ni vitu vilivyoletwa na wageni. Wanachuo wa Kasulu wanajua kwamba Heru ilipata mtawala mwanamke, Mwami Theresa Ntare, tangu 1946. Wajue pia kwamba waandishi wanawake wa nchi yetu wamo katika safu ya walimu: Penina Muhando, aliyeandika tamthilia ya Hatia (1972), na Ndyanao Balisidya, aliyeandika riwaya ya Shida (1975), wote wawili walifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hao hawakufundisha nyuma ya pazia la mtu. Walifundisha mbele ya umma, na tofauti hiyo inafaa kujadiliwa.

Tatu, mwalimu asiufunge mjadala kwa ndoa. Jane Eyre anaolewa, na Agnes Grey anaolewa, na wanachuo wengi hutosheka hapo. Waulizwe basi: kama wasingeolewa, mshahara ule ungewatosha uzeeni? Katika Uingereza wanawake wengi waliofanya kazi hiyo walizeeka katika umaskini, hata ikaundwa jumuiya ya kuwasaidia mwaka 1843. Na kutokana na juhudi za namna hiyo, mwaka 1848 kikafunguliwa Queen's College mjini London ili wanawake wapate elimu ya kweli na cheti cha kufundishia. Kwa hiyo historia ya mwalimu wa nyumbani inaishia mlangoni pa chuo cha ualimu, yaani mahali walipo wanachuo wetu.

Nne, isisahauliwe kwamba si kila mwalimu wa nyumbani alikuwa mwema. Wako waliowapiga watoto na wako waliowafundisha kudharau maskini. Kudhulumiwa peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwalimu mzuri.

Hitimisho

Katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967 tuliambiwa kwamba elimu haina budi kulingana na maisha ya jamii inayoitumikia. Baadhi yetu tulidhani maana yake ni kuviweka kando vitabu vya mbali. Somo hili limetuonyesha kwamba kitabu cha mbali hukaribia pale mwalimu anapokubali kwamba darasani mwake yumo mtu anayekijua tayari.

Yule mwanachuo wa Kibondo alipokwenda mazoezi ya kufundisha, alipewa darasa la tano. Tulipomtembelea tulimkuta amewapanga watoto wawili wawili, mmoja ameshika daftari na mwingine anakariri, kisha wanabadilishana. Tulimwuliza njia hiyo ameipata katika kitabu gani cha mbinu. Akasema hakuipata kitabuni. Ila alikuwa ameongeza kitu kimoja ambacho yeye hakukipata mjini, nacho ni hiyo zamu ya kubadilishana.

Tunawaomba walimu wenzetu wa vyuo vingine waujaribu mpango huu, waurekebishe kwa kadiri ya mazingira yao, na watuandikie matokeo yake. Tungependa hasa kusikia kutoka kwao wanaofundisha pwani, ambako habari za Salme na za Mwana Kupona zimo bado katika mazungumzo ya wazee.